Mrejesho wa mchezaji: maana yake katika mchezo wa matofali wa mtandaoni

Mrejesho wa mchezaji ni taarifa ambayo mchezaji anawarudishia watengenezaji wa mchezo kuhusu jambo lililomtokea akicheza, yenye maelezo ya kutosha kumwezesha mtu aliye mbali kulirudia jambo hilo kwenye mashine yake. Uzito uko hapo kwenye kulirudia. Anayeandika "mchezo wenu mbovu, unaganda" ametoa dukuduku lake, na ana haki ya kulitoa, lakini mtengenezaji hana pa kuanzia.

Tuchukue mchezo wa matofali yanayodondoka, ule wa kuchezea ndani ya kivinjari, watu wawili au zaidi wakishindana. Asili yake ni Tetris, iliyotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984: uwanja wa nguzo 10 na safu 20, maumbo 7, kila umbo miraba 4. Kwenye mashindano, ukifuta safu unamrushia mpinzani takataka, yaani safu zenye tundu moja zinazoingia chini na kuusukuma mlundikano wake juu. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba safu 2 kwa mpigo hupeleka takataka 1, safu 3 hupeleka 2, na safu 4 hupeleka 4. Kwa hiyo kile unachobonyeza kinapita kwenye kibodi, kivinjari, mtandao na seva (kompyuta ya mbali inayowaunganisha wachezaji) kabla ya kufika kwenye skrini ya mwenzako, na hitilafu inaweza kuwa popote njiani.

Ndiyo maana neno "unachelewa" peke yake halisaidii.

Michezo mingi ya aina hii hulisogeza tofali lako hapo hapo kwenye kifaa chako bila kusubiri jibu la seva. Basi kama tofali lako mwenyewe linachelewa kukitii kidole, usianze kulaumu mtandao. Ingia kwenye mazoezi ya peke yako, kisha uzime data ukurasa ukishafunguka, kama mchezo unaruhusu. Likiendelea kuchelewa, mtandao hauhusiki, na mara nyingi tatizo liko kwako: video inayocheza kwenye kichupo (tab) kingine, laptopu iliyowekwa kwenye hali ya kuokoa betri, au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyojaa. Skrini ya kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi. Kivinjari kikielemewa, picha kadhaa zinarukwa na tofali linaonekana kama linajivuta.

Kuna pia kuchelewa kulikowekwa kwa makusudi. Ukishikilia mshale, tofali husogea nguzo moja, hutulia kidogo, ndipo hukimbia hadi ukutani. Kule kutulia ni mpangilio, mara nyingi takriban moja ya sita ya sekunde, na michezo mingi ya mashindano hukuruhusu kupunguza muda huo. Malalamiko mengi ya wanaoanza yanaishia hapo, hivyo pita kwenye mipangilio kabla ya kuandika.

Kibodi nayo ina ugonjwa wake. Kibodi nyingi za bei nafuu hazisomi baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja: umeshikilia mshale wa kushoto na wa chini, ukabonyeza cha kuzungushia, na tofali halikuzunguka. Hamishia kuzungusha kwenye herufi Z au X, ujaribu tena mara kumi. Tatizo likiisha, ilikuwa kibodi, na mchezo hauna kosa.

Mtandao una dalili zake, na mchezaji wa Kigoma au Tabora anafaa kuzijua vizuri. Seva ikiwa Ujerumani, umbali kutoka Kigoma kwa mstari ulionyooka unazidi kilomita 6,000. Mwanga ndani ya nyuzi za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 60 hata kila kitu kikiwa sawa. Na nyaya hazinyooki: ukipitia Dar es Salaam na nyaya za baharini njia inakuwa ndefu zaidi, na mtandao wa simu unaongeza wake. Mtengenezaji hawezi kukuondolea hilo labda aweke seva karibu, na kumwomba seva ya Afrika ni mrejesho halali kabisa.

Muda huo wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde, ndio huitwa pingi. Pingi ya 200 iliyotulia inachezeka. Inayoumiza ni ile inayorukaruka, mara 180, mara 900. Michezo hii hutumia sana muunganisho unaopeleka data kwa mpangilio: pakiti moja (kifurushi kidogo cha data) ikipotea, zilizo nyuma yake zinasubiri, kisha zinafika zote kwa pamoja. Kwenye skrini uwanja wa mpinzani unasimama kama picha, halafu unaruka, na takataka za mashambulizi matatu zinakuangukia kwa mara moja. Ukiona hivyo, andika pingi ya chini na ya juu uliyoiona ndani ya dakika tano, na kama ulikuwa kwenye Wi-Fi au hotispoti ya simu.

Jambo jingine: ukihamia kichupo kingine katikati ya mchezo, kivinjari husimamisha uchoraji wa kile ulichokiacha na kupunguza kasi ya saa zake. Ukirudi umeshapoteza. Vivinjari vyote vikubwa hufanya hivyo. Kinachostahili kuripotiwa ni mchezo kutokukuonya.

Sasa mrejesho unaofaa, kwa mfano: "Windows 10, Chrome, RAM GB 4, hotispoti ya simu, Kigoma mjini, saa 20:15 (UTC+3, saa za Afrika Mashariki). Nikishikilia mshale wa kushoto na kuachia tofali kwa kitufe cha nafasi, linatua nguzo moja kabla ya ukuta. Nilitarajia liguse ukuta. Mara 4 kati ya 10. Mazoezini linatokea pia." Mtengenezaji akisoma hapo ameshaitoa seva kwenye orodha ya watuhumiwa. Angalia na saa: ukiandika "saa 2 usiku", msomaji wa nje ataelewa 02:00 na kuchungulia kumbukumbu za seva za wakati usiohusika.

Mrejesho kuhusu kanuni ni wa namna nyingine, maana hapo hakuna kilichoharibika. Usiseme tu takataka ni nyingi mno. Sema kama tundu linabaki nguzo ile ile, ambapo unaweza kuchimba haraka na kurudisha shambulizi, au linahama kila safu. Sema pia kama tofali linaganda mapema likigusa chini, yaani huwezi tena kulisogeza. Muda uliozoeleka ni nusu sekunde.

Tuma tatizo moja kwa ujumbe mmoja, sentensi fupi fupi, kwa sababu huenda msomaji akatumia programu ya kutafsiri. Video ya sekunde 15 ikionyesha skrini na vidole inazidi aya nzima ya maelezo. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza F12, fungua sehemu ya konsoli (Console), yanapoorodheshwa makosa ya ukurasa, piga picha ya mistari myekundu uiambatishe, ila hakikisha kwanza nenosiri au barua pepe yako haionekani humo.