Je, wajua? Kutoboa ulimi hakuui ladha ya chakula

Anayetaka kuvaa kipini cha ulimi huwa na hofu moja: je, pilau itabaki kuwa pilau? Itabaki, mradi tundu limepita mahali pake.

Mtu mzima ana vionjio vya ladha elfu kadhaa, na havikai pamoja. Vimejificha ndani ya vinundu vidogo vilivyosongamana zaidi kwenye ncha na kingo za ulimi. Vinundu vikubwa, 8 hadi 12, vimejipanga kwa umbo la V kule nyuma, na vionjio vingine viko kwenye kaakaa laini na kooni. Katikati ya ulimi, kinapokaa hicho kipini, ni vichache tu. Sindano ya kawaida ya kutobolea ina kipenyo cha milimita 1.6, hivyo hasara ni ndogo mno. (Ile ramani ya darasani, tamu nchani na chungu nyuma, isahau: kila penye vionjio huonja ladha zote.)

Cha kuogopa ni neva. Ujumbe wa ladha na wa mguso hupita kwenye neva mbili, moja kulia na moja kushoto, na mishipa mikubwa ya damu nayo iko pande hizohizo. Ndiyo maana mtoboaji anayejua kazi huinua ulimi, akaumulika kwa chini aione mishipa, kisha akatia alama kwenye mstari wa katikati, sentimita 1.5 hadi 2 kutoka nchani. Tundu likienda kombo, damu yaweza kutoka nyingi, au upande mmoja ukafa ganzi na kupoteza ladha. Ganzi isiyopungua ni ya kumwonyesha daktari.

Mbona basi wengi hulalamika kwamba chakula kimepoteza ladha wiki za mwanzo? Kwanza ni uvimbe, ambao hufikia kilele siku ya 3 hadi ya 5. Kwa sababu hiyo kipini cha kwanza huwa kirefu, milimita 18 hadi 22, kisha baada ya wiki 2 hadi 4 hubadilishwa kifupi. Ulimi uliovimba hausuguliwi vizuri, hupata utando mweupe, na chakula hakivifikii vionjio.

Mkosaji wa pili hashukiwi kabisa: dawa ya kusukutua yenye klorheksidini (kiua vijidudu). Ikitumiwa kwa muda hufifisha hasa ladha ya chumvi, na huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Watu hukilaumu kipini bure. Robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, mililita 240 hivi, inatosha. Sukutua kwa nusu dakika kila baada ya kula. Ukizidisha chumvi utaunguza kidonda tu.

Ladha ya chuma mdomoni mara nyingi hutoka kwenye kipini cha bei rahisi kilichopakwa rangi. Chagua titani ya daraja la tiba.

Kwa kweli meno na fizi huumia kuliko ladha. Kukitafunatafuna kipini hupasua meno, na kukisukuma mbele hurudisha nyuma fizi za meno ya chini. Kaza gololi zake (vijitufe vya kwenye ncha) kila siku kwa mikono safi, kwani ikilegea huenda ikamezwa, au mbaya zaidi ikaingia njia ya hewa. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ukapata homa au kumeza kukawa taabu, nenda hospitali saa hiyohiyo.