Laana ya Hamu: Nuhu alimlaani nani hasa?

Boti la kwenda Kagunga lilikuwa limegoma kuwaka pale mwalo wa Kibirizi. Nahodha kavua shati, kachomoa plagi, anaipuliza kama mtu anayechochea kaa, na sisi abiria tumekaa juu ya magunia ya unga tunaangalia jua linavyopanda. Mzee mmoja akatema mate pembeni, akasema, "Ngozi nyeusi bwana. Tulishalaaniwa tangu Nuhu." Watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza Nuhu anahusikaje na plagi.

Maneno hayo utayasikia Kigoma, utayasikia Tabora, umeme ukikatika au foleni ikivurugika. Waislamu wanayasema, Wakristo wanayasema, na wengi wanaamini yameandikwa mahali. Yana jina lake: laana ya Hamu. Ni dai kwamba watu weusi walipangiwa utumwa kwa sababu ni kizazi cha Hamu, mwana wa Nuhu aliyemkosea baba yake. (Huyu Hamu hahusiani na hamu ya chai ya jioni. Ni jina la mtu tu.)

Tufungue kitabu basi. Mwanzo, sura ya 9. Nuhu katoka safinani, kapanda mizabibu, kanywa divai, kalewa, kalala uchi hemani mwake. Hamu akamwona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamsitiri mzee bila kumtazama. Nuhu alipolevuka na kujua yaliyotokea, akatamka: "Na alaaniwe Kanaani."

Rudia hapo. Kanaani. Hamu hakulaaniwa. Aliyelaaniwa ni mtoto wake, ambaye katika kisa chote hatuambiwi kafanya nini. Na anayelaani ni mzee aliyeamka na divai kichwani. Mungu mwenyewe hapo hasemi kitu. Rangi ya ngozi haitajwi, Afrika haitajwi. Sura inayofuata inawahesabu wana wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Biblia ikiwataja watu weusi wa kusini ya Misri huwaita Wakushi, na Kushi hana laana yoyote. Tena Miriamu aliponung'unika kwamba Musa kaoa mke Mkushi, soma Hesabu 12 uone kilichompata: ukoma, akawa mweupe kama theluji. Kila nikifika hapo natabasamu peke yangu.

Qurani nayo haimtaji Hamu kwa jina wala haina laana hiyo. Katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, inasema kutofautiana kwa ndimi zenu na rangi zenu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo laana ya watu weusi haikutoka kwenye aya. Ilitoka sokoni. Utumwa ulitangulia, tafsiri ikafuata nyuma yake. Kadiri watumwa weusi walivyozidi kupelekwa ng'ambo, ndivyo wenye mali walivyohitaji sababu ya kulala usingizi, na kisa cha Nuhu kilikuwa karibu na mkono. Masimulizi ya Hamu na weusi yaliingia mpaka kwenye vitabu vya Waislamu. Tabari, mwanahistoria mkubwa wa Baghdad, aliyanakili. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini, aliyakataa katika karne ya 14: weusi, alisema, unatokana na jua na hali ya hewa. Mwaka 1615 Ahmad Baba, mwanazuoni wa Timbuktu, naye alijibu kwamba kinachoweza kumtia mtu utumwani ni ukafiri, si rangi. Tusimpambe kupita kiasi. Utumwa wenyewe hakuukataa. Alikataa rangi iwe hoja.

Kwa Wakristo, laana ikawa mahubiri ya kawaida ya wenye mashamba ya pamba huko Marekani. Na haikuishia kwa wenye mashamba. Mwaka 1873 Roma iliidhinisha sala ya kuwaombea watu wa Afrika ya Kati ili Mungu aondoe mioyoni mwao laana ya Hamu. Miaka mitano baadaye, 1878, msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, uliingia Tabora, na mwanzoni mwa 1879 ukafika Ujiji. Watu waliovuka bahari kuja kupinga utumwa walitoka katika kanisa lililokuwa likiomba hivyo. Naona si haki kuwaita wanafiki. Walikuwa wamelelewa ndani ya hewa hiyo.

Ujiji waliyoikuta ilikuwa na kipimo chake, nacho kilikuwa uungwana. Pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Huku bara, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, neno likalegea. Mtu katoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, pengine kaletwa mateka; akijifunza Kiswahili, akavaa kanzu, akapata jina la Kiislamu, anahesabiwa mwungwana. Jirani yake asiyefuata hayo ni mshenzi, hata kama wamefanana kama dagaa wa fungu moja. Hapo dini ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na rangi, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Kisha neno jingine likapanda juu yake, ustaarabu, lenye asili ya Kiarabu ya "kuwa kama Mwarabu". Sasa dini ikaanza kuvaa nasaba. Mtume alisema Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu isipokuwa kwa uchaji Mungu. Hadithi hiyo inasomwa Ijumaa. Jumamosi posa ikija, watu wanauliza babu yake alikuwa nani.

Lakini kituko chenyewe cha Hamu kiko mbele. Hamu aligeuka rangi.

Jeshi la Napoleon lilipoingia Misri mwaka 1798, na wasomi wa Ulaya wakayaona mahekalu na maandishi ya kale, wakapata tabu. Misri ni mwana wa Hamu. Ikiwa Hamu ni baba wa weusi waliolaaniwa, nani kajenga yale? Baadhi yao wakarudi kwenye Mwanzo 9 na wakaona kile ambacho mimi na wewe tumekiona hivi punde: aliyelaaniwa ni Kanaani peke yake. Ungetegemea basi waseme weusi hawana laana. Hapana. Walisema wana wengine wa Hamu hawakuwa weusi. Hamu akahamishwa, akawa baba wa "Wahamiti", aina ya weupe walioshuka Afrika na kila kitu kizuri mkononi: ufalme, ng'ombe, chuma.

John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika Ujiji na mwenzake Richard Burton mwaka 1858, na akakaa Kazeh, yaani Tabora yetu, safari zaidi ya moja. Kitabu chake cha 1863 kina Hamu wawili. Kwenye utangulizi, Hamu ni yule maskini aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa wa nduguze, na Speke anaona hali ya Waafrika ni ushahidi wa Maandiko. Ndani zaidi, akifika kwenye wafalme wa Karagwe na Buganda, anadai wametoka Uhabeshi, yaani Ethiopia, damu ya Shemu na Hamu. Hamu wa kwanza anaeleza kwa nini Mwafrika ni mtumwa. Hamu wa pili anaeleza kwa nini Mwafrika huyu ni mfalme. Mwafrika wa kawaida mwenye akili zake hana nafasi kwenye kitabu.

Kilichofuata kiko mlangoni petu. Mwaka 1930 C. G. Seligman, msomi wa London, aliifanya nadharia hiyo kuwa somo la vyuoni. Huko Rwanda, Askofu Léon Classe aliwatetea Watutsi kuwa ndio waliozaliwa kutawala, na Wabelgiji wakaandika Mtutsi au Mhutu kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Tofauti ilikuwepo kabla yao, ya ng'ombe, ya koo, ya utawala, kama ilivyokuwepo hapa Buha, nchi ya Waha, ambako watawala wa Heru walikuwa Watutsi. Lakini watu walisema lugha moja na kumwomba Imana, yaani Mungu, mmoja. Karatasi ndiyo iliyoifanya kuwa damu.

Na sifa ikishageuzwa damu, ni rahisi kugeuzwa shitaka. Ukimwambia mtu asili yako Uhabeshi, unamwambia pia hapa si kwako. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo unaingia Akagera, Akagera unaingia Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, maiti zilifika ziwani, na Watanzania waliziona kwa macho.

Niliwasimulia haya pale juu ya magunia, kwa kifupi zaidi, maana nahodha alikuwa bado anahangaika na plagi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye alifundishwa hivyo na marehemu baba yake, na baba yake alikuwa katekista. Mama mmoja mwenye ndoo ya migebuka, ambaye muda wote nilidhani amesinzia, akafungua jicho moja.

"Na huyo Kanaani," akauliza, "yeye alifanya nini?"

Mashine ikawaka kabla sijamjibu.