Bodi Zilizofungwa Hapa: Dhana Potofu Kuhusu Magari ya Kazi ya Zamani

Wapenzi wa magari ya zamani wanaongezeka Afrika Mashariki, na hilo linanifurahisha sana. Kinachonisumbua ni hadithi zinazozunguka kuhusu Land Rover, malori ya Bedford, pikapu za Peugeot na Land Cruiser za kale. Nyingi ukizikagua kwa macho na kwa nyundo hazisimami. Baadhi hazina madhara. Nyingine zinamfanya mtu anunue mkweche kwa bei ya gari zima, na ipo moja, ambayo kwangu ni mbaya kuliko zote, inayofanya bodi zilizojengwa na mafundi wetu zing'olewe na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

"Land Rover ya zamani haishiki kutu, ile ni alumini"

Hii imewaumiza wengi mifukoni. Ni kweli kwamba mabawa, milango, boneti na mabati ya ubavuni ni aloi ya alumini na magnesi iitwayo Birmabright, nayo haitoi kutu nyekundu. Lakini uzito wa gari haubebwi na mabati ya nje. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari lote, ni ya chuma. Ukuta unaotenganisha injini na kabini, ule unaoshika bawaba za milango na usukani, nao ni wa chuma.

Na chasisi hiyo ina siri yake. Rover, kampuni iliyotengeneza magari hayo, hawakutaka kuingia gharama ya mashine kubwa za kukandamiza chuma, kwa hiyo walichukua vipande bapa vinne vya chuma, wakavichomelea kingo kwa kingo hadi vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia kwenye matundu ya boksi hilo na kukaa. Kutu huanzia ndani, ikatafuna kuelekea nje. Ndiyo sababu chasisi inaweza kupakwa rangi nyeusi ikang'aa huku imebaki ganda tu.

Dawa yake ni kulala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo. Anza na boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Nenda kwenye mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika ukuta wa kabini, kisha pale springi za mbele zinapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio mzito uliokufa, na mara nyingine vumbi la kahawia linadondoka usoni. Ukimaliza, nyanyua mikeka utazame pale miguu inapokanyaga. Muuzaji akikataa usigonge, jibu umeshalipata.

Alumini yenyewe pia inaliwa. Inapogusana na chuma penye unyevu, hasa unyevu wa chumvi wa Tanga, Mombasa au Unguja, alumini ndiyo inayotangulia kuharibika: rangi inavimba, ukiikwangua unakuta unga mweupe. Tazama kingo za chini za milango na sehemu zinazozunguka ribiti, vile vipini vinavyounganisha mabati.

"Alumini ilichaguliwa kwa ubora wake, na gari lilibuniwa kwa ajili ya Afrika"

Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na uhaba wa chuma. Chuma kiligawiwa kwa mgawo, na viwanda vilivyouza nje ndivyo vilivyopewa kipaumbele. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Ndipo Maurice Wilks, mbunifu mkuu wa Rover, aliyekuwa na Jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake huko Anglesey, alipofikiria gari la mkulima litakaloiingizia kampuni fedha za kigeni hadi mambo yatengemae. Gari la kwanza la majaribio lilikuwa na usukani katikati, kama trekta. Land Rover ilioneshwa rasmi Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na uwezo wa kuendesha mashine za shambani kwa nguvu ya injini yake. Mabati yake ni bapa na yamekunjwa kidogo tu kwa sababu yaliundwa bila mashine kubwa, na hapo ndipo bahati yetu ilipolala: bati bapa fundi yeyote mwenye mkasi na koleo anaweza kulitengeneza.

Ushahidi kwamba alumini ilitokana na hali ya wakati ule tu uko Ubelgiji. Kampuni ya Minerva ilipoanza kutengeneza Land Rover kwa leseni mwaka 1952, ilizifunga bodi za chuma.

"Kufunga bodi hapa kwetu kulianza na matatu, na ni kazi ya kubahatisha"

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo historia yetu ilipo.

Kenya ya miaka ya 1920 magari mengi yalifungwa kile kilichoitwa boksi bodi: chasisi na injini kutoka Marekani au Uingereza, nyuma yake sanduku la mbao lililotengenezwa na maseremala wa hapa. Wengi wa mafundi hao walikuwa Wahindi, na miongoni mwao Masingasinga ambao jamii yao ilikuja na ujenzi wa reli ya Uganda ikiwa na ujuzi wa mbao na chuma. Karakana za kufunga bodi za mabasi za Nairobi, kama Labh Singh Harnam Singh, zimetoka kwenye mila hiyo hiyo ya ufundi. Kwa hiyo ilipofika 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, pikapu za Peugeot 404 hazikuhitaji kusubiri kiwanda cha ng'ambo. Mikono ya kuzifunga mabenchi, paa na mlango wa nyuma ilikuwepo tayari. Dar es Salaam nayo ilikuwa na chai maharage, gari la mizigo lenye mabenchi ya abiria kutazamana, likipakia kwa kuvizia kabla serikali haijaruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983.

Wala haikuwa tabia ya nchi maskini. Kuuza chasisi na injini, kisha mnunuzi akaenda kwa fundi bodi, ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya biashara ya magari ya kazi duniani. Rover wenyewe walipotaka Land Rover ya abiria mwaka 1948, kazi waliipeleka kwa mafundi wa Tickford, nao wakaijenga kwa mabati ya alumini juu ya fremu ya mbao.

Utaratibu huo bado unaendelea. Barabarani Nairobi unaweza kukutana na chasisi tupu ya basi: injini, usukani, kiti kimoja na dereva aliyejifunga koti zito, upepo wote ni wake, anaipeleka karakana. Huko hupimwa, kisha hufungwa boriti za kukingama. Juu yake husimamishwa nguzo za mabomba ya mraba, zikaunganishwa na matao ya paa. Mabati huja baadaye, na viti mwisho kabisa. Mtu anayeita hiyo kubahatisha hajawahi kusimama karibu na fundi anayepima pembe mbili za fremu kwa kamba, kona kwa kona, kabla hajachomelea hata nukta moja.

"Bodi nzito ndiyo salama"

Hapa upande wa pili nao lazima usemwe. Bodi mbovu zimejengwa na zimeua watu. Lakini ubovu wake mara nyingi haukuwa wembamba wa bati. Nguvu ya bodi iko kwenye maungio, pale nguzo inapokutana na sakafu na pale inapokutana na tao la paa. Ukiongeza chuma kizito juu, ukaweka na keria iliyojaa magunia, umepandisha uzito juu na gari linapinduka upesi zaidi kwenye kona. Viti vilivyofungwa kwa skrubu kwenye ubao badala ya kushikwa na fremu vimeng'oka katika ajali nyingi. Kenya ina kiwango chake cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, na karakana inayokifuata haina cha kuonea haya mbele ya yeyote.

"Bodi ya mbao hutengenezwa kwa kukosa uwezo tu"

Nenda Unguja uzitazame gari za shamba, zile zinazobeba abiria wa vijijini. Kabini ni ya kiwandani, nyuma ni kazi ya seremala: nguzo, paa la chini, mabenchi mawili ya kutazamana, ubavu wazi upepo upite. Mbao hazihitaji mashine ya kuchomelea, haziliwi na kutu ya chumvi, na kipande kilichovunjika hutolewa peke yake. Udhaifu wake ni kwenye ajali, mbao hupasuka na vipande vyake kuwachoma abiria, na hilo halina ubishi. Ila kama chaguo la kisiwa chenye mafundi wa majahazi na milango, lilikuwa chaguo la akili.

"Land Cruiser za safari zinatoka Japani vile vile"

Hapana. Toyota ilileta pikapu ya mfululizo wa 70, ulioanza 1984, na kwa muda mrefu ikiwa na ile injini ya dizeli ya lita 4.2 iitwayo 1HZ. Madirisha makubwa, safu za viti na paa linaloinuka ili watalii wasimame kumtazama simba ni kazi ya karakana za Arusha na Nairobi. Nyingi zimerefushwa chasisi. Wageni wanapiga picha kutoka ndani ya kazi ya Arusha wakidhani ni ya Japani.

"Zamani magari hayakuharibika"

Yaliharibika sana. Ekseli ya nyuma ya Land Rover za matoleo ya zamani, ziitwazo Series, ilijulikana kwa kukata hafshafti, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, na madereva walibeba ya akiba. Tofauti ni kwamba uliweza kuibadilisha kando ya njia kwa spana chache.

"Lenye bodi ya kienyeji si orijino"

Hii ndiyo niliyosema ni mbaya kuliko zote. Mtu ananunua Land Rover ya 109, ile ndefu, au Bedford iliyofungwa bodi Nairobi, Moshi au Mombasa miaka hamsini iliyopita, anang'oa bodi yote na kuagiza vipande kutoka Uingereza ili gari "lirudi asili". Lakini gari lililotoka kiwandani chasisi na kabini tu halikuwahi kuwa na nyuma ya Kiingereza. Bodi ya fundi wa hapa ndiyo bodi yake ya kwanza. Uingereza watu wanatafuta kwa udi na uvumba Land Rover zilizojengwa na mafundi wa nje ya kiwanda, kama zile za Dormobile za kulala ndani, na wanazitunza na kila skrubu. Sisi za kwetu tunazipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu.

Kabla ya kung'oa chochote, tafuta kibao cha karakana. Mara nyingi kiko juu ya kioo cha mbele kwa ndani, kwenye kizingiti cha mlango, au pembeni ya ngazi. Kwangua rangi taratibu, tabaka kwa tabaka, maana jina la kampuni ya zamani ya mabasi au la shamba la mkonge linaweza kuwa bado liko chini. Piga picha maungio, pima nguzo, andika aina ya mbao. Fundi mzee wa mtaa akiwa bado hai, mpeleke aione. Mara nyingi atajua ni mkono wa karakana ipi kwa kutazama tu jinsi kona ya paa ilivyokunjwa.