Tuisheni ya Hesabu: Yanayosemwa Mtaani na Yaliyomo Kwenye Daftari

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi huanza kuulizana: mwalimu mzuri wa Hesabu anapatikana wapi? Swali ni la haki. Kwa miaka mingi Hisabati ndiyo imekuwa ikivuta mkia kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka 2021 na 2022 waliofaulu somo hili walikuwa karibu asilimia 20, yaani mmoja katika kila watano. Tunapokosea ni kwenye kuchagua. Tunaangalia jina la kituo, bei, na wingi wa vijana wanaoingia getini. Daftari la mtoto linabaki ndani ya begi, hakuna anayelifungua.

"Tuisheni ni ya kidato cha nne"

Hii ndiyo dhana inayokula pesa nyingi kuliko zote. Mtoto anaachwa miaka mitatu, kisha mwaka wa mtihani anatafutiwa mwalimu mbio mbio.

Tazama karatasi yenyewe. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne ni wa saa 3, maswali 14, na yote ni ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, jumla 60. Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10, jumla 40. Ukipitia mitihani ya miaka ya karibuni utakuta Sehemu A imejaa mada alizofundishwa mtoto kidato cha kwanza na cha pili: namba na makadirio, vipeo na logariti, seti, uwiano, faida na hasara, Pythagoras, milinganyo. Hata zile mada za kidato cha nne zimesimama juu ya hizi za mwanzo. Kutafuta kinyume cha matriki ya 2 kwa 2 ni kuzidisha namba hasi na kushughulika na sehemu kama 2/3, basi. Mtoto anayeandika −3 × −4 = −12 atakosa matriki hata kama amekariri hatua zote kwa mpangilio.

Kwa hiyo mwalimu anayeanza kwa kuuliza "shuleni mmefika mada gani?" ameshika mkia badala ya kichwa. Kwanza apime. Unaweza kumpima mtoto mwenyewe nyumbani kabla hujamtafuta mtu. Mpe karatasi, dakika 20, bila kikokotoo, na umwambie aandike kila hatua:

1. −4 − (−9)
2. 2/3 + 1/4
3. 0.6 ÷ 0.02
4. Asilimia 15 ya sh. 80,000
5. Fungua mabano: 3 − 2(x − 5)
6. Tafuta x: 5x − 7 = 2x + 8
7. 2³ × 2⁴, jibu liwe katika kipeo

Majibu ni 5, 11/12, 30, sh. 12,000; 13 − 2x; x = 5; na 2⁷.

Usihesabu amepata ngapi tu. Angalia amekosaje. Aliyeandika 3/7 kwenye swali la pili amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: huyo sehemu hajazielewa tangu shule ya msingi. Aliyeandika 3/12 anajua kwamba asili (namba za chini) lazima zilingane, ila amesahau kwamba ukibadilisha asili lazima ubadilishe na kiasi (namba ya juu). Wa kwanza arudi mwanzo kabisa. Wa pili anahitaji nusu saa. Swali la tano nalo ni hivyo hivyo. Aliyepata −7 − 2x amezidisha mabano vizuri ila ishara imempotea, kwa sababu −2 × −5 kwake ni −10. Aliyepata x − 5 ametoa 3 − 2 kwanza, akabaki na 1 nje ya mabano; huyo hajui kipi kinatangulia. Ni kosa moja kwenye karatasi, magonjwa mawili tofauti.

"Huyu alipata A, atafundisha vizuri"

Kujua Hesabu ni lazima. Lakini aliyepata A mara nyingi hakumbuki kama kuna siku mabano yalimsumbua, na asichokikumbuka hawezi kukieleza.

Badala ya kuanza na vyeti, mpe mwalimu karatasi ile ile yenye makosa ya mtoto, kisha uliza: "Mwalimu, hapa imekuwaje?" Wapo watakaochukua kalamu na kulisolvu swali upya, kwa mwandiko mzuri, hatua zimenyooka, nawe ukavutiwa. Hao wamekuonyesha wanachojua wao. Yule unayemtafuta ataangalia mstari uliokosewa, atamgeukia mtoto na kumuuliza, "Hebu niambie, hapa ulifikaje?" Halafu atanyamaza asikilize. Hiyo tu yakupa habari nyingi kuliko cheti.

Wanafunzi wa chuo wanaofundisha wakati wa likizo ni wazuri kwa mtoto ambaye tayari anapata 50 na kuendelea. Wana subira na bei yao inabebeka. Udhaifu wao mara nyingi ni kwamba hawajui alama zinagawiwa vipi ndani ya swali, kwa hiyo wanaruka hatua, na mtoto anajifunza kuruka nao. Jambo jingine: mtaala umeboreshwa mwaka 2023 na unaingia kwa awamu. Muulize mwalimu mtoto wako yuko kwenye mtaala upi na anatumia kitabu gani. Akibabaika, endelea kutafuta. Vitabu vya kiada vyenyewe vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo kisingizio cha kukosa kitabu hakina nguvu.

"Kituo kinachojaa ndicho kizuri"

Piga hesabu. Kipindi cha saa mbili ni dakika 120. Darasa likiwa na vijana 60, kila mmoja ana dakika mbili, na hapo mwalimu hajagusa ubao. Anayepata nafasi ya kuuliza ni aliyekaa mbele, na aliyekaa mbele kwa kawaida si yule anayefeli.

Kituo kikubwa kinamfaa mtoto anayeelewa darasani ila anahitaji mazoezi na ushindani. Aliye chini ya alama 30 atakaa nyuma, atanakili ubao, atarudi nyumbani na daftari safi kabisa. Huyo anahitaji kukaa peke yake na mwalimu au kundi la wanne hadi sita, mpaka misingi ikae. Kundi dogo si lazima liwe ghali: wazazi wanne wa mtaa mmoja wakichangishana humlipa mwalimu vizuri, na kila mmoja anatoa robo. Sharti ni moja, watoto wawe na makosa yanayokaribiana. Ukichanganya anayesumbuliwa na sehemu na anayejiandaa kwa vekta, mmoja wao atakuwa anasinzia.

Mwalimu akija nyumbani, kipindi kifanyike sebuleni au barazani, mahali watu wanapita, na mtu mzima awepo. Mwalimu makini hataona vibaya.

"Asolvu pasti pepa, basi"

Mitihani iliyopita ni dawa nzuri inayotolewa mapema mno. Mtoto asiye na misingi akipewa pasti pepa pamoja na kijitabu cha majibu, anadesa. Anasoma jibu, anaona "kumbe ni rahisi," anageuza ukurasa. Ameelewa jibu la mwenzake. Mbele ya karatasi tupu hana pa kuanzia.

Zinafanya kazi zikitumiwa hivi: majibu yafichwe, saa iwekwe mezani. Dakika 180 kwa alama 100 ni chini kidogo ya dakika mbili kwa alama moja. Mpe dakika 10 kwa swali la Sehemu A na 16 kwa swali la Sehemu B. Jumla ni 164, zinabaki 16 za kukagua. Swali lililomshinda lisahihishwe na mwalimu, kisha mtoto alirudie baada ya wiki moja bila kuangalia popote. Marudio hayo ya wiki ndiyo watu wengi wanayaruka, ilhali ndiyo yanayoonyesha kama kimeingia.

Tena Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali: wengi walikosea wapi, na kwa nini. Zinasomwa bure. Mwalimu wa tuisheni ambaye hajawahi kuzifungua anakisia.

"Hesabu ni hesabu, Kiingereza hakihusiki"

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika, K.D.S., na akakijua vizuri. Anaingia kidato cha kwanza anakutana na L.C.M. Ni kitu kile kile. Kama hakuna aliyemwambia hivyo siku ya kwanza, anaanza kujifunza upya kitu anachokijua, na anadhani amekuwa mzito.

Kwenye linia programingi, ile mada ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa grafu, hali ni mbaya zaidi. Swali likisema mfanyabiashara anunue "at least" magunia 20, maana yake yasipungue 20, yaani x ≥ 20. Vijana wengi wakiona "least" wanafikiria udogo, wanaandika x ≤ 20. Ishara moja imegeuka, kivuli kwenye grafu kinaangukia upande mwingine, pembe za eneo zinabadilika, na sehemu kubwa ya zile alama 10 imekwenda. Mtoto huyo grafu anaijua. Kilichomwangusha ni maneno mawili.

Mwalimu kufafanua kwa Kiswahili si kosa hata kidogo. Ndivyo wengi wanavyoelewa haraka. Kosa ni kuishia hapo. Kila kipindi kimalizike mtoto akisoma swali la Kiingereza kwa sauti na kusema linataka nini kabla hajashika kalamu. Na nyuma ya daftari pawe na kurasa mbili za maneno kama hayo, upande huu Kiingereza, upande huu Kiswahili na alama yake.

"Mwalimu wake wa shule ndiye bora, anamjua"

Kweli anamjua, na wengi wao ni waaminifu. Ila ukisikia mada zinamalizikia tuisheni badala ya darasani, hapo unanunua mara mbili kitu kimoja. Zungumza na mwalimu mkuu kabla hujalipa.

"Akienda kila siku atashika"

Vipindi viwili kwa wiki vya dakika 90 vinatosha, kama siku zilizobaki mtoto anafanya mazoezi peke yake dakika 30 hadi 40. Akienda siku tano, akirudi saa moja usiku na njaa yake, hapati muda wa kukaa peke yake na swali gumu. Anazoea kumtazama mwalimu akifanya, kama mtu anayetazama mpira akidhani anafanya mazoezi.

"Mfumo unahesabu masomo saba, Hesabu iache iende"

Ni kweli daraja linapigwa kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, kwa hiyo F ya Hesabu inaweza isiguse pointi. Lakini kidato cha tano milango ya michepuo yenye Hesabu imefungwa: PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu). Na anayekimbilia PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) akidhani ameiponyoka Hesabu, anakutana nayo huko huko kwa jina la BAM, yaani Basic Applied Mathematics.

"Mwezi mmoja tu, F itakuwa B"

Anayekuahidi hivyo anauza. F ni alama 0 hadi 29, D 30 hadi 44, C 45 hadi 64, B 65 hadi 74, A 75 na kuendelea. Mtoto mwenye alama 12 anahitaji 18 zaidi ili afaulu, sawa na maswali matatu kamili ya Sehemu A. Lengo la namna hiyo linapangika: mada tano za kidato cha kwanza na cha pili, wiki mbili mbili, muhula mmoja. Na asiache swali tupu. Karatasi inaagiza hatua zote zionyeshwe, na hatua zina alama zake. Aliyeandika kanuni sahihi na kuingiza namba zake huambulia kitu hata jibu likimkataa.

Usishtuke mitihani ya shule ikichelewa kupanda. Shuleni wanapima mada ya sasa wakati tuisheni inaziba mashimo ya zamani. Baada ya wiki sita mpe ile karatasi ya maswali saba, ukibadilisha namba tu, ulinganishe na ya kwanza.

Lipa kwa mwezi, si kwa muhula. Wiki ya nne, kabla ya kulipa mwezi wa pili, fungua daftari. Panapaswa kuwa na mstari uliokosewa ukiwa umezungushiwa kalamu, maelezo mafupi ya kwa nini, na chini yake swali limerudiwa kwa mwandiko wa mtoto. Ukikuta mwandiko wa mwalimu umejaa na tiki kila mahali, mshukuru na utafute mwingine.