Kabla Hujaflashi Simu ya Mtoto

Kila likizo ikifika hapa ofisini kwetu Kisumu, tunapopokea ripoti za watoto, wazazi huja na simu mkononi, na wengi huanza vile vile, ati mtoto ameharibiwa na hawa waimbaji wa Korea. Wazazi wangu, BTS hawajui mtoto wako anaishi Kondele. Anayejua ni yule mtu wa grupu la mashabiki ambaye hujawahi kuuliza ni nani.

Kuna mama alikuja, binti yake ana miaka 11, yuko gredi ya 6. Grupu lao la WhatsApp wanapanga kucheza video moja mara nyingi ili namba zipande, wanachora wale vijana, wanabishana nani anadansi kuliko mwenzake. Mimi hapo sioni ubaya, sisi tulikuwa tunakata picha za wachezaji kwa gazeti tukibandika kwa ukuta. Sasa akatokea "dada mkubwa" kwa inboksi, ana kadi za picha za kutoka Korea, tuma 200 za kusafirisha, mtoto akatumia simu ya mamake. Halafu dada akaitisha picha ya mtoto, halafu picha nyingine, na ile ya tatu ndiyo mtoto akalia.

Mama alifanya nini? Alifuta chati, akatoa mtoto kwa grupu, akapeleka simu kwa fundi ikaflashiwa, yaani kila kitu kikafutwa, kisha ndio akaja kwetu tumtafute huyo mtu. Tumtafute na nini sasa?

Utaratibu ni huu. Usifute kitu. Piga skrinshoti ya mazungumzo, namba na jina la akaunti, na kama ni TikTok ama Instagram nakili linki ya profaili kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja. Meseji ya M-Pesa iache hapo (kurudishiwa pesa unaituma kwa 456, lakini fanya haraka). Enda kituo cha polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto, na usitoke bila namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Ukikwama piga 116, laini ya kusaidia watoto, ni bure, usiku na mchana.

Ile picha yenyewe ya aibu usiipige skrinshoti na usiifowadi, hata kwa grupu la ploti "kuonya wengine". Hili nimelisema mpaka nimechoka. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 24, haiangalii kama ulikuwa na nia nzuri ukisambaza picha ya ngono ya mtoto, faini ni mpaka shilingi milioni 20 ama jela mpaka miaka 25, ama vyote viwili. Iache kwa simu, polisi waione hapo hapo.

Kama ni picha ya kawaida tu imewekwa na mtu bila ruhusa yako, hiyo ni ya Kamishna wa Data, anayelinda taarifa za watu, kulalamika ni bure na uamuzi unafaa kutoka ndani ya siku 90. Kuna shule Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 mwaka wa 2023 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwa hivyo si mchezo.

Na mambo ya umri. TikTok inataka miaka 13, na chini ya 16 inboksi imefungwa kabisa. Mtoto akiandika amezaliwa 1999, na mara nyingi ni mzazi ama kaka aliyemwandikia, ile kinga yote inaondoka na anahesabiwa mtu mzima. Halafu tunaulizwa mbona serikali haifanyi kitu.

Kumpokonya simu hakusaidii sana, ataazima ya jirani na hatakuambia tena. Nilimuuliza yule mama, binti anampenda nani kati ya wale saba? Hakujua. Jina lilikuwa limeandikwa na biro nyuma ya kava ya simu aliyonishikisha.

Ukija kuripoti, simu iwe na chaji na uwe unajua pini. Tafadhali.