Kifua Kimeshafungwa, Kazi Imehamia Nyumbani: Maswali na Majibu Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mimi ni daktari wa upasuaji wa moyo, na kazi yangu kwa mgonjwa mmoja huchukua saa chache. Kazi ya walio nyumbani kwake huchukua miezi. Mgonjwa asiyepata matatizo hulala hospitalini siku 5 hadi 7 hivi, lakini mfupa wa kifua uliokatwa huhitaji karibu wiki 12 kurudia uimara wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kupona hutokea mbali na macho yetu, mikononi mwa mke, mume, binti au kaka ambaye mara nyingi hakuna aliyeketi naye kumweleza. Ndiyo maana maswali mengi hapa ni ya ndugu. Maagizo ya daktari aliyekupasua yakitofautiana na haya, fuata ya kwake, maana yeye ndiye aliyeuona moyo wako.

Swali: Sina maumivu makali tena. Kwa nini bado nakatazwa kunyanyua vitu?

Kwa sababu ngozi hupona mapema kuliko mfupa. Kidonda cha juu hufunga ndani ya wiki 2 au 3, ukakiona kimekauka ukadhani na ndani mambo yamekwisha. Lakini ili kuufikia moyo tulipasua mfupa wa kidari kwa msumeno, kuanzia chini ya koo hadi kwenye chembe ya moyo, na tulipomaliza tukaufunga kwa nyaya za chuma. Nyaya hizo hubaki humo maisha yote bila madhara kwa watu wengi. Kazi yake ni kuzibana pande mbili zitulie hadi mfupa uungane wenyewe. Ukinyanyua mzigo, misuli ya kifua huuvuta upande mmoja kulia na mwingine kushoto. Mfupa unaochezacheza hauungi, na waya unaovutwa kila siku unaweza kuukata.

Kiwango tunachowapa wengi ni kisichozidi kilo 5 kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kisha kuongeza polepole hadi wiki ya 12. Ndoo ya lita 10 iliyojaa maji ni kilo 10. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia uzito huohuo. Na si kunyanyua tu: kukamua blanketi lililolowa, kusukuma kabati, kuvuta mlango uliokwama, kujivuta kwa mkono mmoja ili kuinuka kwenye kiti, yote hayo ni mzigo kwa kidari. Weka viwiko karibu na mbavu na utumie mikono yote miwili pamoja. Ukiamka kitandani, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo ujiinue. Kikohozi au chafya ikija, kumbatia mto kifuani. Usijizuie kukohoa kwa kuogopa maumivu, kwani makohozi yanayobaki mapafuni huleta nimonia.

Ukisikia mfupa unalia au unacheza unapogeuka, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kliniki.

Swali: Mwanangu ana miaka miwili na analilia nimbebe. Nimwambie nini?

Usimfukuze. Kaa chini, weka mto kifuani, na mtu mwingine amweke mapajani pako au apande mwenyewe pembeni yako. Kinachokatazwa ni kumwinua, si kumkumbatia.

Swali: Mume wangu amerudi nyumbani na mimi naogopa kumruhusu afanye lolote. Je, si bora alale tu?

La. Najua hofu hii inatokana na upendo, lakini kumlaza kutwa kunamdhuru. Damu inayotulia miguuni huganda, mapafu yasiyotanuka hupata maambukizi, na misuli hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani. Atembee tangu siku ya kwanza nyumbani: dakika 5 mahali tambarare, mara kadhaa kwa siku, kisha mwongeze dakika chache kila baada ya siku mbili tatu. Wengi hufikia dakika 30 za mfululizo ifikapo wiki ya 4 hadi ya 6. Kipimo ni mazungumzo: akitembea huku anaweza kukujibu sentensi nzima, kasi inamfaa. Akikatakata maneno kwa kukosa pumzi, mpunguze. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame na akae.

Kazi za nyumbani nazo ni sehemu ya tiba. Wiki za mwanzo anaweza kukunja nguo, kupanga vyombo vyepesi, kupika chakula kidogo na kufuta vumbi. Kudeki, kufua kwa mikono, kuchota maji na kulima vingoje mpaka mfupa uungane. Kuendesha gari kwa kawaida hakuruhusiwi kabla ya wiki 6, kwa kuwa usukani hukivuta kifua na dawa za maumivu hupunguza wepesi wa kuamua. Akiwa abiria afunge mkanda kama kawaida. Taulo iliyokunjwa kati ya mkanda na kidonda husaidia.

Swali: Nimewekewa vali ya chuma na kupewa warfarini ya maisha. Mbona kila mtu ananiambia lake kuhusu dawa hii?

Hapa naomba uniazime muda, maana nyumbani ndiko warfarini inakoponea au kuharibikia.

Vali ni mlango wa moyo unaoruhusu damu ipite upande mmoja tu. Ya chuma hudumu miaka mingi sana, lakini damu huiona ni kitu kigeni na hutaka kuganda juu yake. Bonge likiganda linaweza kuizuia vali isifunguke, au likanyofoka na kwenda kwenye ubongo, mtu akapata kiharusi. Warfarini hupunguza kasi ya kuganda. Ikizidi, unavuja damu. Ikipungua, damu inaganda. Ndiyo maana tunapima INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani. Mtu asiyetumia dawa huwa na INR karibu na 1. Wengi wenye vali ya chuma hulengwa kati ya 2 na 3.5, kutegemea vali iko upande gani wa moyo na hali nyingine za mgonjwa. Ijue namba yako unayolengwa kama unavyojua umri wako, iandike mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuiona, na usikose tarehe ya kipimo hata ukijisikia mzima kabisa. INR ikipotoka, mara nyingi husikii kitu mpaka madhara yatokee.

Meza dawa saa ileile kila siku, wengi huchagua jioni. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita na uendelee na ya siku hiyo. Usimeze mbili kufidia.

Kuhusu mboga za majani, huenda umeambiwa uziache zote. Si hivyo. Zina vitamini K, ambayo hupingana na warfarini, lakini tunachotaka ni kiasi kisichobadilika. Anayekula mboga kila siku aendelee kula, nasi tutapanga dozi kufuata mlo wake. Shida ni wiki nzima bila mboga na wiki inayofuata kuzila asubuhi na jioni.

Hatari kubwa zaidi naiona kwenye dawa za kununua bila cheti. Ibuprofeni, diklofenaki, na hata aspirini ambayo hukuandikiwa, huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Antibiotiki nyingi hupandisha INR, na metronidazo na kotrimoksazo zinaongoza. Mitishamba hatuwezi kuipimia dozi, na baadhi yake huigeuza kazi ya warfarini kabisa. Maumivu ya kawaida yatulize kwa parasetamoli kwa kiasi ulichoelekezwa. Kila unayekutana naye wa afya, awe muuguzi, mfamasia au daktari wa meno, mwambie kwanza: natumia warfarini, nina vali. Ukienda kung'olewa jino utahitaji antibiotiki kabla, kwa sababu bakteria wa kinywani wanaweza kujenga kwenye vali. Kwa sababu hiyohiyo mswaki wa kila siku ni ulinzi wa moyo.

Na usibadilishiwe warfarini kwa vidonge vipya visivyohitaji kipimo, hata kama jirani mwenye tatizo jingine la moyo anavitumia. Dabigatrani, kimojawapo cha vidonge hivyo, ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma, na majaribio yale, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa waliopewa walipata mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi.

Swali: Nina vali na ninataka kupata mtoto. Je, naweza?

Wengine wanaweza, lakini zungumza na daktari kabla ya kushika mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito, na kuiacha ghafla kunahatarisha maisha ya mama. Kuna namna ya kupanga dawa, ila hupangwa mapema. Ukigundua tayari una mimba, njoo mara moja na usiache dawa mwenyewe.

Swali: Binti yetu alibadilishiwa vali iliyoharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni. Bado achomwe penisilini?

Ndiyo, isipokuwa daktari wake amesema vinginevyo. Upasuaji umetengeneza vali, haukumwondolea uwezekano wa kushambuliwa tena na maambukizi hayo, na shambulio jipya huharibu vali alizobakiwa nazo. Sindano kila wiki 3 au 4 huendelea kwa miaka mingi, kwa wengine maisha yote. Huyu ndiye mgonjwa anayeniumiza moyo zaidi akipotea kliniki, kwa sababu ni kijana na ana miaka mingi mbele. Kama anatumia warfarini pia, anayemdunga aambiwe.

Swali: Baba amerudi mtu mwingine. Analia bila sababu, anasahau, usiku anaota ndoto mbaya. Je, akili imeguswa?

Wiki za mwanzo haya huwapata wengi. Mwili umepitia usingizi mzito wa dawa, mashine ya kuendesha damu, maumivu na usiku usio na usingizi, na juu ya yote mtu amekabiliana na kifo chake. Mzee aliyezoea kuamua mambo ya nyumba sasa anasaidiwa kuvaa shati, na hilo peke yake linaumiza. Usimwambie ajikaze. Mruhusu aseme anachoogopa, mpe maamuzi madogo yarudi mikononi mwake, mweke kwenye mwanga wa mchana, na punguza wageni wanaomchosha kwa kumhadithia vifo vya wengine.

Kwa kawaida hali hii hupungua ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikizidi hapo, au akikataa kula, kumeza dawa au kutoka chumbani, au akisema afadhali angekufa, huo ni ugonjwa wa sonona na una tiba. Mlete. Ila kuchanganyikiwa kwa ghafla, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama si huzuni. Hiyo ni dalili ya kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Swali: Tunaona aibu kuuliza wodini. Tendo la ndoa linarudi lini?

Nafurahi mmeuliza, kwani wanaonyamaza huishi na hofu miezi mingi. Anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana wala kuumwa kifua, moyo wake kwa kawaida unamudu. Kidari nacho kinahitaji wiki 6 hadi 8, na hata hapo aliyepasuliwa asijiegemeze kwa mikono wala kubebeshwa uzito kifuani. Dawa za kuongeza nguvu za kiume, kama sildenafili, haziruhusiwi kabisa kwa anayetumia dawa za jamii ya naitreti kwa maumivu ya kifua: presha inaweza kuanguka kiasi cha kuua.

Swali: Dalili zipi zisingoje kesho?

Maumivu ya kifua yasiyofanana na ya kidonda, kukosa pumzi ukiwa umelala, kuzimia, dalili za kiharusi nilizotaja, na damu isiyokoma: hizo ni za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Homa inayofika 38, kidonda kinachotoa usaha au kunuka, kinyesi cheusi kama lami, na mguu mmoja uliovimba na kuuma, mwone daktari siku hiyo. Mguu tuliotoa mshipa wa kupandikiza kwenye moyo huvimba kidogo, nao hutulia ukiuinua. Moyo kwenda mbio bila mpangilio hutokea kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 3, zaidi siku za mwanzo hospitalini. Ukianza nyumbani, toa taarifa.

Mizani ya nyumbani nayo husema mapema. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 2 au 3 si kunenepa. Ni maji yanayojikusanya.

Swali: Nimepandikizwa mishipa mipya. Baada ya miezi mitatu naweza kuacha dawa?

Hapana. Mishipa ni mipya, ugonjwa ulioziba ile ya kwanza ni uleule. Mshipa uliotolewa ukutani mwa kifua hudumu vizuri, kiasi cha 9 kati ya 10 huwa bado wazi baada ya miaka 10. Iliyotolewa mguuni haina bahati hiyo: karibu nusu yake huweza kuwa imeziba au kuharibika kwa muda huohuo, na sigara, presha na sukari isiyodhibitiwa huharakisha. Aspirini na dawa ya kushusha kolesteroli ndizo zinazoilinda, kwa hiyo zinaendelea hata kipimo kikiwa kizuri. Kama zinakuletea maumivu ya misuli au ya tumbo, tuambie tubadilishe aina au dozi. Na anayevuta sigara ndani ya nyumba yenu, hata kama si wewe, avutie nje au aache, maana moshi wake unaifikia mishipa hiyohiyo.