Kutarmaki: kukosa ajira humfanya nini kijana, na mtaa wake

Nairobi ina neno lake kwa mtu anayesaka kazi: anatarmaki. Limetokana na lami, kwa Kiingereza tarmac, ile anayoikanyaga kwa miguu kutoka Kayole, ashike Barabara ya Jogoo hadi Industrial Area, eneo la viwanda, bahasha ya vyeti kwapani, nauli ikiwa imewekwa akiba ya kurudia jioni.

Kwa wanaohesabu, asiye na ajira ni mtu ambaye hana kazi, yuko tayari kuifanya, na anaitafuta. Yote matatu lazima yawepo. Kuhusu ujana, hesabu za kimataifa mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 24, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010 humwita kijana mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaijui. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki inayohesabiwa ana ajira. Kijana wa Mathare aliyekuwa mtu wa mkono Jumanne, akambebea fundi mawe, kisha Jumatano akaambiwa wametosha, yumo miongoni mwa walioajiriwa. Na yule aliyechoka kabisa, akaacha hata kutuma maombi, haandikwi kuwa hana ajira. Ameondolewa kwenye nguvukazi, yaani hesabu ya walio kazini na wanaoitafuta. Kwa hiyo kiwango kinapotangazwa redioni, wengi ninaowajua mimi hawamo.

Athari ya mfukoni haihitaji maelezo marefu. Kodi ikichelewa, mwenye nyumba anaweka kufuli lake juu ya lako. Inayonisumbua zaidi ni athari ya wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila familia ikabaki bila kazi. Watu sasa walikuwa na saa nyingi za kusoma, lakini vitabu walivyoazima maktabani vilipungua. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Pita kwenye maskani yoyote, vijiwe vya vijana, ya Dandora saa nne asubuhi uone mambo yayo hayo. Wapita njia huwaita wavivu, na neno hilo huniuma, kwa sababu wengi wao walikwisha amka alfajiri siku mia kadhaa kabla ya kuacha. Mtu asiyesubiriwa popote hupotelewa na umbo la siku yake: Jumatatu inafanana na Jumamosi, na kazi ndogo ya nyumbani inamshinda mpaka jioni.

Ujuzi nao hushika kutu. Aliyesomea umeme akakaa miaka mitatu bila kugusa waya anaogopa kuugusa, na mwajiri anamdai uzoefu wa miaka hiyo hiyo mitatu. Wanauchumi husema hali hii huacha kovu, maana aliyechelewa kuanza mara nyingi hulipwa kidogo kuliko wenzake kwa miaka mingi hata baada ya kupata kazi.

Halafu kuna aibu. Karo ya kijana ilitokana na harambee, pengine na ng'ombe aliyeuzwa, na wote waliochanga wangali hai. Desemba ikifika haendi ushago, kijijini kwao. Mama akipiga simu, anaiacha iite. Ndoa inaahirishwa, maana atakwenda kwa wakwe na nini? Kwa msichana kuna shimo jingine: nyumbani hufanywa yaya wa bure, na nje yuko mwanamume wa kumlipia kodi kwa bei ambayo haitajwi mapema.

Haya hayabaki kwa mtu mmoja. Dada aliyeajiriwa Umoja anawalisha ndugu wanne kwa mshahara mmoja, hivyo naye haweki akiba. Mama mboga na kinyozi wanauza kwa mkopo usiolipwa. Kamari inachukua shilingi za mwisho. Walioiva, wauguzi na mafundi, wanapanda ndege kwenda Ghuba au Uingereza, na wengine njiani wanaliwa pesa na mawakala wa uongo.

Husemwa pia kwamba kukosa kazi huzaa wezi. Nakataa kulisema hivyo, kwa kuwa wengi wasio na kazi hawajawahi kumwibia mtu, ila polisi huwachukulia wote kuwa washukiwa wakikaa watano pamoja. Lililo kweli ni kwamba kijana asiye na kipato hununulika kwa bei rahisi, na wanasiasa hulijua hilo kila msimu wa kampeni. Pia hasira hukusanyika. Maandamano ya Juni 2024 yaliwashwa na Mswada wa Fedha, lakini kilio cha ajira kilikuwa ndani yake.

Serikali imejaribu. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo midogo uliozinduliwa Novemba 2022, hukopesha kuanzia shilingi 500, pesa ya kuongeza stoki kwa aliye na biashara tayari. Asiye nayo hubaki na deni. Kazi Mtaani ya 2020, mpango wa vibarua vya vijana wakati wa korona, naihesabu kuwa bora zaidi, japo malipo yalikuwa madogo. Vijana wa Mukuru na Kibera walizibua mitaro na kufagia njia, na asubuhi walikuwa na mahali pa kuwahi. Iliposimama, waliobaki na nguvu walirudi kwenye malango ya Industrial Area, kungoja msimamizi atoke ahesabu vichwa anavyovihitaji siku hiyo.